Mkakao wa Fundi Herufi

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya vitu vyote vyenye majani duniani, ilitangazwa Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwamba mkakao ulioko nyuma ya nyumba ya Fundi Herufi, baada ya kulifikiria jambo hilo kwa miaka saba, hatimaye umezaa.

Haukuwa umezaa kitu. Kilichoning'inia kwenye shina lake kilikuwa kurasa nne za gazeti la juzi, ukurasa wa michezo ukiwa ndani kabisa, zilizolowekwa katika uji mzito wa unga wa ngano, zikafinyangwa hadi zikawa na ukubwa wa kidole gumba, zikaanikwa dirishani siku tatu, kisha zikapakwa rangi ya kijani na kufungwa kwa waya mwembamba. Aliyetoa tangazo ndiye aliyelitengeneza tunda, ndiye aliyelifunga, na ndiye aliyesimama mlangoni pa jiko na taulo mabegani kama joho, akingoja kuchekwa.

Bwenini wasichana wenzake walimwita Mheshimiwa, na jina likamfuata hadi nyumbani. Alilipata kidato cha pili, siku aliyosoma risala ndefu ya mazishi ya kiatu cha mwalimu wa zamu kilichoanguka chooni, akaisoma kwa uso mkavu hata mwenye kiatu akainamisha kichwa. Kwa risala hiyo alifagia uwanja wa shule wiki mbili. Shule ya bweni ilimfundisha mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyomkaa: kula haraka na kutocheka wa kwanza. Sasa alikuwa amemaliza mtihani wa mwisho, na akisubiri matokeo alikaa kwa babu yake, pamoja na shangazi yake aliyeshona nguo barazani.

Babu alikuwa mchora mabango kwa miaka arobaini. Mtaa mzima ulisomeka kwa mkono wake: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu, na onyo kali kwa wanaokojoa ukutani. Ndiko lilikotoka jina la Fundi Herufi. Katika miaka hiyo alichora pia, kwenye kuta za maduka, vikombe vya kakao vinavyofuka mvuke, na pembeni mwa kila kikombe mti wenye matunda yaliyoning'inia kwenye ncha za matawi kama maembe. Hakuwahi kuuona mkakao. Aliuchora kwa kukisia. Siku moja dereva wa lori aliyekuja kuandikiwa jina kwenye bodi ya gari lake aliutazama ukuta mmoja, akacheka hadi akashika magoti.

"Mzee, kakao haizai kwenye tawi. Inazaa kwenye shina, kama jipu."

Safari iliyofuata dereva akamletea tunda bivu. Babu alifyonza ule utando mweupe mtamu unaozunguka mbegu, na mbegu tano akazipanda siku ileile kwenye makopo ya rangi aliyoyatoboa chini, kwa maana aliambiwa mbegu ya kakao ikikauka imekwisha. Moja ikaota na kudumu. Akaihamishia nyuma ya nyumba katikati ya migomba miwili, maana mkakao mchanga hauliwezi jua, akaulundikia majani makavu shinani na kuuzungushia mabati dhidi ya upepo. Mwaka wa nne ukatoa maua yaliyochomoza kwenye gome lenyewe, madogo kama vifungo vya shati la mtoto. Yalifunguka alfajiri, na yasipopata chavua, kesho yake yalikuwa chini. Kazi ya kuyapatia chavua ni ya visubi wadogo wanaozaliwa kwenye majani yanayooza. Visubi wa mtaa ule, inaelekea, walikuwa na shughuli nyingine. Basi Babu akachukua brashi yake ndogo kuliko zote, ile ya kuwekea nukta, akawa kila asubuhi anaifanya kazi hiyo mwenyewe, ua kwa ua. Miaka mitatu. Na miaka yote mitatu maua yakaanguka.

Alitaka kitu kimoja tu: kuuchora mti ule mara moja, na tunda lake mahali pake, kabla macho hayajamwacha. Kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha. Presha ya macho ilikuwa imekula pembeni pote. Alibaki kuiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Haya yote Mheshimiwa aliyajua. Ndiyo maana aliona mzaha wake utakuwa mtamu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona umevaa taulo?"

"Kuna tangazo." Akalitoa lote, na taadhima yake.

Babu alikwenda taratibu, akigeuza kichwa kama kuku ili kulitafuta shina. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kupiga hesabu: ataona, atashika, atagundua gazeti, atavua ndala na kumkimbiza mara mbili kuzunguka migomba, watacheka, watakunywa chai. Babu hakuvua ndala. Alivua kofia. Akapiga magoti kwenye majani makavu, uso wake karibu kabisa na gome. Kisha akanyoosha mkono.

"Usiliguse!"

Mheshimiwa mwenyewe hakujua sauti ile imetoka wapi. "Kitabu kinasema," akaongeza, "kitoto cha kakao kikiguswa kinadondoka." Kitabu kilikuwapo kweli, maktaba ya shule. Kilisema tu kwamba vitoto hudondoka sana.

Babu akaurudisha mkono haraka kama mtu aliyegusa chuma cha moto. "Ahsante mama," alisema. "Ningeliua." Kisha, "Miaka yote hii nilidhani nimepanda kuni."

Alikuwa anafuta macho kwa kofia. Mzaha ulikuwa umefika pale unapotakiwa kufunuliwa, na Mheshimiwa alifungua mdomo. Akaufunga. Akaenda kuchemsha chai.

Mezani Shangazi alikuja na jambo lake, kama kila siku, uzi bado umekaa mdomoni. "Baba, Alhamisi usisahau. Daktari ametupa saa mbili kamili."

"Alhamisi siendi."

"Huendi wapi?"

"Kupasuliwa jicho. Nitakwenda tunda likiiva."

Shangazi akatoa uzi mdomoni. "Tunda gani?"

"Muulize Mheshimiwa. Ndiye aliyeliona."

Shangazi alimgeukia mpwa wake, na mpwa akakiangalia kikombe kana kwamba kimeandikwa kitu ndani.

"Baba, sikiliza. Daktari hakusema atakurudishia macho. Alisema atayazuia yasiendelee kufa. Kilichokufa kimekufa. Sasa unangoja nini?"

"Na alisema wengine hutoka pale hawaoni hata hicho kidogo. Alisema au hakusema?"

"Alisema mara chache sana."

"Basi." Babu akapapasa meza, akakipata kipande chake cha mkate. "Nikiwa wa hao wachache, niwe nimeliona. Nimechora uongo kwenye kuta za watu miaka arobaini. Nataka nichore ukweli mmoja."

"Na likidondoka?" aliuliza Mheshimiwa, akiwa ameona mlango wa kutokea. Angelichomoa tu mchana, na habari ingeishia hapo.

"Likidondoka nitangoja la pili. Sasa najua mti unaweza."

Mlango ukafungwa.

Mwongo wa kawaida akiwa shimoni huacha kuchimba. Mheshimiwa alikuwa amesoma sana. Akatafuta jembe kubwa zaidi. Babu alipomuuliza kakao huchukua muda gani kuiva, alijibu bila kupepesa: miezi miwili. Kitabu kilisema mitano, hata sita. Lakini Babu aliwaamini watu wa vitabu, na mjukuu aliona kwamba akishindwa kusema kweli, basi walau aufupishe uongo. Tunda likue haraka, liive, Babu alichore, aende hospitali. Baada ya hapo, alijiambia, tutaona.

Hivyo likaja tunda la pili, la ukubwa wa yai. La tatu lilikuwa kama limau refu lenye mifereji. La nne lilimchukua siku nzima, kwa kuwa kadiri tunda lilivyokua ndivyo uongo ulivyohitaji mikunjo na makovu. Alitengenezea chumbani kwake, mlango umefungwa, kwa gazeti, uji wa ngano na makopo ya Babu mwenyewe, na alibadilisha saa nane mchana, Babu akiwa usingizini na cherehani ya Shangazi ikipiga kelele barazani. Yaliyostaafu aliyaficha kwenye sanduku la chuma la shule, chini ya sweta. Shangazi alianza kulalamika kwamba unga unaisha kama nyumba ina panya wa bweni.

"Na hayo mafuta ya kakao," Shangazi aliuliza siku moja akipita na ndoo, "tunda moja linatoa kiasi gani? Visigino vyangu hivi vimepasuka."

"Kwa visigino vyako," Babu alijibu, "itabidi tununue shamba."

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Kila asubuhi aliweka kigoda mbele ya mti, akaegemeza ubao magotini, akachora. Mheshimiwa alikaa kando yake akimchanganyia rangi, na Babu alimweleza atakavyofanya siku ya kuvuna: mbegu zitatoka kama arobaini, watazifunga kwenye majani ya mgomba siku sita zichachuke, maana bila kuchachuka kakao haina harufu, watazianika mkekani hadi zilie zikitikiswa, watazikaanga kwenye kikaango kikavu, watazimenya, watazitwanga zikiwa na moto. "Kikombe kimoja, labda viwili," alisema. "Tutagawana watu watatu. Atakayepiga kelele kwamba chake kidogo ataosha vyombo."

Picha ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kukiweka ukutani. Gome lilikuwa gome. Jani jipya, lile jekundu linalolegea kama leso iliyolowa, lilikuwa limelegea kweli. Na katikati lilikaa tunda la Mheshimiwa, limenakiliwa kwa uaminifu usio na huruma, mpaka kale kabonyeo kadogo ambako kidole chake kilizama uji ukiwa haujakauka. Alikiona kidole chake mle ubaoni, akapoteza hamu ya kula mchana huo.

Wiki ya tano Babu alimimina chai pembeni ya kikombe. Wiki ya saba alimuuliza Mheshimiwa, "Nani amekuja?" Shangazi alikuwa amesimama kushoto kwake tangu mwanzo. Shangazi alizunguka akaja mbele yake ndipo akasema, "Ni mimi, Baba." Jioni hiyo Mheshimiwa alimsikia akizungumza na daktari kwa simu, akirudia maneno ya upande wa pili kama mtu anayeandikishwa imla: "Kila wiki anayongoja hairudi. Ndiyo. Hairudi. Nimeelewa, daktari. Namwambia kila siku. Ana mti." Kisha, baada ya kusikiliza, "Hapana, si mgonjwa wa akili. Ana mti tu."

Mheshimiwa aliamua kesho tunda lianze kupata manjano.

Ilikuwa saa nane ya mchana wa kesho yake, akiwa amechuchumaa na tunda la sita mkononi, alipoliona. Shubiri mbili chini ya waya wake, palipokuwa na maua wiki zilizopita, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya muhindi, cha kijani, chenye ncha. Alidhani ni mdudu. Akaweka ukucha karibu, hakikukimbia. Kilikuwa na mifereji. Kilikuwa na kikonyo chake kilichotoka kwenye gome bila waya wala uzi.

Alikaa chini kabisa.

Kama angeinuka wakati ule na kwenda kumwamsha mzee, mambo yangekuwa mengine. Lakini alilitazama lile la kweli, kisha akalitazama lake, na kwa mara ya kwanza akaliona jinsi lilivyo: kitu kinene, kizembe, cha gazeti. Mtu yeyote akiyaona yote mawili, hata anayechungulia kwenye bomba, asingeuliza swali. Akalivuta jani kavu la mgomba, akaliegemeza shinani likafunika pale. Kwa siku mbili tatu tu, alijiambia, mpaka apate namna.

Kila mchana alilifunua akalitazama. Siku ya nne lilikuwa limefika ukubwa wa haragwe. Siku ya saba lilikuwa na rangi ya njano isiyo nzuri. Siku ya tisa lilikuwa jeusi, limesinyaa, limeshikilia gome bado. Kitabu kilikuwa kimesema: vitoto hudondoka sana. Hakikusema ni jani lake lililolikosesha hewa, wala hakikusema silo. Alilichomoa, akalifunga kwenye karatasi, akaenda kubadilisha tunda la saba, kubwa kama kiatu, la manjano tupu. Rangi haikuwa imekauka vizuri. Hakuwa na muda wa kungoja. Asubuhi hiyo Babu alikuwa amejigonga kwenye kizingiti cha mlango wa chumba alicholala miaka thelathini.

Kulipokucha, Babu aliweka kigoda. Alichora kwa muda wa saa nzima, akiinamia ubao karibu kuugusa kwa pua. Akamaliza ule upande uliokuwa umebaki, akasafisha brashi, akaifuta kwa kitambaa.

"Limeiva?"

"Limeiva, Babu."

"Basi si kitoto tena. Nishike mkono unipeleke nilishike."

Mheshimiwa alikuwa na ulimi uliowahi kukizika kiatu kwa heshima zote, na sasa ulikuwa umelala. Akamshika mzee mkono, hatua nne, na mkono ule wa miaka arobaini ya herufi ukalifikia tunda.

Kidole gumba kilipita juu yake mara moja, polepole, kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Kikasimama. Kikarudi. Babu alikileta kidole puani.

"Hukungoja mkono wa kwanza wa rangi ukauke," alisema.

Mheshimiwa akauachia mkono wa mzee.

"Ukipaka mkono wa pili juu ya wa kwanza mbichi, rangi inajikunja. Nilikufundisha ulipokuwa na miaka minane." Akalibonyeza kidogo; gazeti likatoa mlio wake. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Yote?"

"Yote. Yako saba. Mengine yako kwenye sanduku."

"Kalete."

Aliyaleta, ameyabeba kwenye sweta la shule, akayapanga juu ya majani makavu kuanzia dogo. Babu alichuchumaa akayashika moja moja. Kwenye la nne alikaa muda mrefu kuliko mengine. Cherehani barazani ilikuwa imenyamaza. Shangazi alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na kitambaa mkononi, na uso wake ulionyesha kwamba amekwisha kuelewa unga ulikokuwa ukienda.

"Mikono unayo," alisema Babu. "Akili sijui." Akainuka akishikilia mgomba. "Kwa nini?"

"Siku ya kwanza nilitaka ucheke."

"Nicheke mimi, au unicheke wewe?"

Hapo palikuwa na jibu zuri na jibu la kweli. "Nikucheke," alisema Mheshimiwa. "Halafu ukavua kofia, nikashindwa. Halafu ukakataa hospitali. Nikataka liive upesi uende."

"Wiki tisa," alisema Shangazi kutoka kule pembeni, kwa sauti ndogo. "Wiki tisa, wewe mtoto."

"Mwache," alisema Babu. "Aliyeng'ang'ania kungoja ni mimi. Hakuna aliyenifunga kamba." Akageuza kichwa akamtafuta binti yake hadi akampata. "Mpigie daktari. Mwambie hata leo. Sina tena ninachongoja."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayesoma bango la mwenzake. Kisha akapapasa ubao, akaugeuza uso wake ukaelekea ukutani. Shangazi aliingia ndani kutafuta simu.

Babu aliweka mkono begani mwa mjukuu wake ili amwongoze hadi mlangoni. Wakapiga hatua moja. Angeweza kuishia hapo. Alikuwa amekwisha kukiri, amekwisha kupangiwa hukumu usoni mwa Shangazi, na mkono ule begani mwake ulikuwa mwepesi, karibu na msamaha. Hakuna mtu duniani aliyejua jambo lile lingine, wala hakuna ambaye angelijua.

"Babu, ngoja. Kuna moja zaidi."

"La nane?"

"Siyo langu." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua, akaukunjua mkono wa mzee na kumwekea kiganjani kile kitu cheusi, kikavu, chepesi kuliko punje. "Hili ni la mti. Lilitoka lenyewe, pale chini. Lilikuwa hai siku tisa, ukiwa umekaa mbele yake unachora langu. Mimi nililiona. Nikalifunika na jani, Babu, kwa sababu ungeliona la kweli, ungelijua langu."